Chupa ya Mashahidi

Sehemu ya Tisa

Mrija ulikuwa bado haujagusa mdomo.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Mukarugwiza Jumamosi iliyopita, na najua wapo walionisema wiki nzima kwa kumwacha mjane amefunga, koo limemkauka, soda ya baridi mkononi. Nisemeni tu. Si mimi niliyemzuia kunywa.

Aliyemzuia ni muadhini.

Kumbukeni mambo yalivyokuwa. Ni mwaka wa korona, wiki ya mwisho ya Desemba, sebule moja ya Nyamirambo. Mapazia yamefungwa kwa sababu serikali imekataza watu kukusanyika majumbani. Majirani wachache wamekaa bega kwa bega, barakoa wamezishusha kidevuni. Wamekuja kwa ile shughuli tunayoiita gutaha inzu, kuiingia rasmi nyumba mpya ya mtoto wao kwa vinywaji na maneno mazuri. Kasoro yake ni moja: nyumba yenyewe iko Italia.

Hirwa, mtoto wa kiume wa pekee wa Mama Mukarugwiza, aliinunua huko kijijini milimani. Nyumba iliyotelekezwa na wenyewe, inauzwa kwa bei ya kikombe cha kahawa. Naye Hirwa alikuwa pale mezani, ndani ya simu, simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari. Alivaa koti zito la baridi, nyuma yake ukuta wa mawe meusi. Alisema hawezi kuja Kigali. Italia imefunga mikoa yake sikukuu nzima, mtu haruhusiwi kwenda hata kijiji cha pili. Basi mama, naomba mniingizie nyumba yangu kwa simu.

Mama alikuwa analipa funga za Ramadhani zilizompita kwa ugonjwa. Akashika chupa yake ya Fanta, akasubiri magharibi.

Adhana ikaja dirishani. Na kabla muadhini hajavuta pumzi ya pili, adhana ile ile ikaja tena, kutoka ndani ya simu.

Uso wa Hirwa ukaganda. Kisha simu ikawa nyeusi.

"Netiweki," alisema Benon haraka.

Benon ndiye rafiki wa Hirwa, mfanyabiashara wa Nyabugogo aliyekulia Uganda, mtu wa kucheka kwa sauti kubwa na kusalimia kwa mikono miwili. Ndiye aliyeleta kreti za Fanta.

"Netiweki ya kule milimani iko mbaya sana," aliendelea. "Kunywa, mama. Adhana imelia, uko huru."

"Nimeisikia," alisema Mama. "Nimeisikia mara mbili."

"Simu za siku hizi iko na adhana ndani. Mtu anaweka, inalia yenyewe, hata akiwa Ulaya."

"Na inakohoa?"

Nyamirambo nzima inajua kwamba muadhini wetu aliugua, akapona, lakini kikohozi kikabaki naye kama mpangaji asiyehama. Hawezi kuanza adhana bila kukohoa kwanza kwenye kipaza sauti. Kikohozi, halafu Allahu akbar. Watoto wanamwigiza barabarani.

"Simu imekohoa kabla ya adhana," alisema Mama. "Kama mzee wetu. Na mwanangu anatoka jasho kwenye theluji. Nilimwona jasho tangu mwanzo, nikanyamaza, nikasema labda ni furaha."

Alida, binti yake, alikuwa ameshika simu, anajaribu kupiga tena. Alida ni mpambaji wa maharusi. Mwaka ule harusi zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mvivu, kwa hiyo alikuwa nyumbani na mama yake, mikono haina kazi, macho yana kazi mno.

"Mama," alisema taratibu. "Ule ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa nyuma yake. Nimepamba maharusi mbele ya ukuta ule. Nusu ya mabibi harusi wa Nyakabanda wamepigwa picha pale. Ni ile baa ya mawe, iliyofungwa tangu korona."

Nyakabanda ni hapo tu. Ukipiga mbinja Nyamirambo, mbwa wa Nyakabanda anageuza kichwa.

Mzee Twahiru akaweka chupa yake sakafuni polepole, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika nyoka. Ni fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja, rafiki wa marehemu baba yake Hirwa.

"Benon," aliita. "Hizi kreti ni zako au za Hirwa?"

"Zangu, mzee. Zawadi tu."

"Zawadi. Na mbona tangu tumekaa unatutazama midomo? Nani amekunywa, nani bado. Mimi nimeona macho ya namna hiyo mahali pamoja tu maishani mwangu, penye chupa ya mashahidi."

Benon hakucheka.

Kwa wewe unayesoma ukiwa mbali, desturi yenyewe ni hii. Kwetu mtu akinunua kiwanja, ng'ombe au nyumba, huwanywesha waliopo. Jirani wa kulia, jirani wa kushoto, ndugu wa muuzaji. Hiyo ndiyo chupa ya mashahidi. Ukishakunywa, umeshuhudia. Kesho ukienda kulalamika kwamba hukujua, utaulizwa swali moja tu: ulichokunywa siku ile kilikuwa nini? Karatasi inaweza kubishiwa. Chupa iliyokwisha kushuka tumboni haibishiwi.

Ndiyo maana hakuna Mnyarwanda mwenye akili anayekunywa soda ya mtu asiyemfahamu bila kuuliza shughuli ni ya nini. Hawa waliuliza. Waliambiwa ni nyumba ya Italia.

"Tumekunywa nini, kijana?" aliuliza Twahiru.

Benon akajifuta mikono kwenye suruali. "Mzee, wewe iko na akili. Sitakuficha. Nyumba nimenunua mimi."

"Nyumba gani?" aliuliza Mama.

"Hii, mama. Hii tumekaa."

Mama akatazama ukuta, kana kwamba ukuta ndio uliozungumza. Kisha dari. Kisha mlango wa chumba alichomzalia Hirwa.

Nisiwafiche jambo. Hati ya nyumba ile ina jina la Hirwa peke yake. Mwaka walipopita watu wa kuandikisha ardhi, Mama alikuwa mjane mpya, akasema andikeni jina la mtoto wa kiume, huyu wa kike ataolewa. Siku ile ile Alida, na sare yake ya shule, ndiye aliyeshika ncha ya kamba kutoka ua hadi ua, jua linampiga utosini, wapimaji wakimwambia vuta, vuta zaidi. Miaka ikapita. Aliyeandikwa akaenda Ulaya. Aliyeshika kamba akabaki, anampikia mama uji.

Alida alimtazama mama yake sasa. Mama aliinamisha macho.

"Karatasi iko safi kabisa," alisema Benon. "Lakini mimi nimeshaumwa. Nilinunua kwa kijana mmoja, nikaanza kujenga, mama yake akaja na kitenge kichwani, akalia mbele ya viongozi mpaka nikaonekana mwizi. Nikamwambia Hirwa, safari hii mama yako atakunywa mbele ya majirani, ama sinunui. Akasema mama hatakubali. Nikasema, basi tafuta namna." Akapumua. "Sherehe ya Italia iko wazo lake. Si langu."

Majirani wakaanza kunyanyuka. Barakoa zikapanda puani. Walitoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka matangani, wakimpa Mama pole bila kumtazama usoni, na chupa zao tupu zikabaki chini ya viti.

Moja tu katika sebule nzima ilikuwa imejaa.

Benon naye aliiona. "Kunywa, mama, tumalize kwa amani. Malipo ya kwanza Hirwa ameshachukua na ameshayatuma Ulaya. Usipokunywa nayataka leo. Hana. Sasa mimi nitafanya nini? Nitaenda polisi. Si kwa ubaya."

"Wewe hutaki ubaya hata kidogo," alisema Alida. "Inaonekana."

"Alida, niletee maji," alisema Mama.

Akafuturu kwa maji, mafunda matatu, ameketi, kwa utulivu uliowatisha wote. Akajifunga kitenge. Akavaa barakoa. Akaichukua chupa yake ya Fanta, mrija ndani, kiganja juu.

"Hiyo unaipeleka wapi, mukecuru?" aliuliza Benon, kwa neno letu la bibi mzee.

"Kwa mwenye sherehe."

* * *

Benon alitangulia na gari lake. Wao walikwenda kwa miguu, Mama, Alida na Twahiru. Alida alikuwa amefunga mlango na kuutia ufunguo kifuani. Barabarani watu walikuwa wanakimbilia makwao kabla polisi hawajafunga njia, na motari wawili, wa bodaboda, walisimama kuwauliza wanakwenda wapi. Mama hakuwaona.

"Mama Hirwa," alisema Twahiru nyuma yake, "mimi nimekunywa. Nisamehe."

"Ulikuwa na kiu, Twahiru?"

"Hapana. Nilikuwa na furaha. Nilijisemea, mtoto wa rafiki yangu ana nyumba kwa Wazungu."

"Basi hata mimi ningekunywa."

Baa ya mawe ilikuwa imepandisha viti juu ya meza, na vumbi la miezi mingi juu ya viti. Taa moja tu iliwaka, mwisho kabisa, penye ule ukuta. Hirwa alikuwa amesimama chini yake, amevaa fulana. Koti la Italia lilining'inia kwenye msumari.

Alipomwona mama yake akapiga hatua mbili, mikono imefunguka.

"Vaa barakoa," alisema Mama. "Unatoka Ulaya."

Mikono ikashuka.

"Mama, nitakueleza."

"Umefika lini?"

"Oktoba."

"Oktoba." Mama alilirudia neno kama anayeonja chakula kilicholala. "Na umekaa wapi?"

"Hoteli kwanza, kusubiri kipimo. Halafu hapa. Mwenye baa ni mtu wa Benon."

"Shangazi yako amekufa Novemba. Walituruhusu watu wachache tu makaburini. Upande wetu hapakuwa na mwanamume wa kubeba jeneza. Akabeba Twahiru, na mgongo wake ule. Ulijua?"

"Nilisikia."

"Alisikia," Mama alimwambia Twahiru, kama mkalimani.

Hapo Hirwa akaanza kusema, na alisema mengi. Hoteli aliyokuwa anaosha vyombo imefungwa kwa korona. Nyumba ile ya kijijini si uongo, ipo, imesajiliwa. Lakini ukipewa nyumba kwa bei ya kahawa unapewa na sharti: ikarabati ndani ya miaka mitatu au halmashauri wanaichukua. Nusu ya paa imeanguka. Ameajiri mafundi, mafundi wamechukua pesa ya kwanza, wanadai ya pili. Alikuja mbio kuuza na kurudi kabla ya sikukuu. Ndipo Italia ikafunga mikoa.

"Hata nikitua uwanja wa ndege, mama, sifiki kijijini. Hilo sikukudanganya."

"La. Ulinidanganya upande tu uliosimama."

"Ni nyumba nzuri. Ina vyumba saba. Ukifika utaona milima kama ya Ruhengeri."

"Nani alikuwa anakaa humo?"

Swali lilimshangaza. "Bibi mmoja. Alikufa zamani."

"Alikuwa na watoto?"

"Watano, nadhani. Wako mijini huko, wengine Amerika. Hakuna aliyeitaka. Kijiji kizima kiko hivyo, mama. Nyumba zinaanguka zenyewe, wanazigawa."

Mama akavuta kiti kimoja kutoka juu ya meza, akakifuta kwa kitenge, akakaa. Chupa aliipakata.

"Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Kuna nchi ambako watoto watano walimwacha mama yao mlimani peke yake mpaka akafa, mpaka nyumba yake ikakosa thamani, ikawa inauzwa kama kahawa. Wewe umekwenda kule, umeyaona yale, na ulichokiona ni biashara. Ukarudi kwetu kumtoa mama aliye hai ndani ya nyumba ili upate pesa ya kutengeneza paa la mama wa watu. Paa ambalo watoto wake wa kuzaa walishindwa kulitengeneza."

"Nilitaka iwe yetu wote. Ungekuja kukaa nasi."

"Ningekuja lini? Umesema hata kijiji cha pili hakuendeki."

Alida alicheka. Haikuwa sauti nzuri.

"Wewe nyamaza," Hirwa alimwambia. "Wewe unakula na kulala kwa mama, unajua nini ya Ulaya?"

"Najua kuosha vyombo," alisema Alida. "Sikuhitaji pasipoti."

Benon alikuwa ameegemea mlango, anauzungusha ufunguo wa gari kidoleni. "Jamani, saa mbili polisi wanafunga njia. Mimi siko baba wala kaka wa mtu hapa. Mama anakunywa au hanywi? Asipokunywa, Hirwa tunaenda naye."

Hirwa alimtazama Benon, kisha mama yake. Kwa mara ya kwanza jioni ile uso wake ulikuwa na hofu ya kweli. Akatoa karata ya mwisho.

"Mama, siko peke yangu kule. Kuna mwanamke. Na mtoto. Wako ndani ya nyumba ile ile, upande wenye paa. Kodi ya mjini ilitushinda. Theluji imeanguka, mikoa imefungwa, hawawezi kutoka na mimi siwezi kuingia. Nikifungwa hapa, watakufa kule kwa baridi."

"Na huyo mtoto anatoka jasho pia?" aliuliza Alida.

"Wallahi nasema kweli."

"Usiapie," alisema Mama. "Mpigie."

Simu ikaita. Ikaita tena. Kisha akatokea mwanamke kijana, kichwa amekifunga kwa shali, pumzi inamtoka mdomoni kama moshi, blanketi mabegani. Ndani ya blanketi, uso mdogo wa mtoto, macho makubwa. Hirwa akamwambia kwa Kiswahili, "Mugeni, wasalimu watu wa kwetu," na yule mwanamke, kwa lafudhi ya mtu aliyekulia Kigoma, akasema shikamooni.

Mama hakuitikia. Aliutazama ule uso mdogo. Twahiru aliniambia baadaye kwamba alimwona Mama anashika paji la uso wake mwenyewe, bila kujua, kama anayelinganisha.

"Inaweza kuwa Gikondo, hapa hapa Kigali," Alida alimnong'oneza. "Mtu akishakuuzia ukuta, atakuuzia na moshi."

"Najua," alisema Mama. "Kaeni kimya, nyote. Tusubiri isha."

"Tusubiri nini?" aliuliza Benon.

"Kimya."

Wakakaa kimya. Mugeni, kwenye simu, alidhani mawasiliano yamekatika, akaita halo, halo, kisha naye akanyamaza na kumbembeleza mtoto. Ndani ya ile baa hakukuwa na sauti ila ya ufunguo wa Benon, nao ukaacha kuzunguka.

Kikohozi kikaja juu ya mapaa ya Nyakabanda. Halafu adhana.

Wote waliikazia macho simu. Simu haikukohoa. Adhana ilipanda, ikashuka, ikarudia, na ndani ya simu hamkuwa na muadhini. Mlikuwa na upepo unaopiga kitu cha bati, na mtoto anayekohoa kikohozi chake mwenyewe, kidogo, kikavu.

Safari hii ilikuwa kweli.

Alida aligeuka kando. Mama alibaki anatazama ile shali, lile blanketi, ule moshi wa pumzi.

"Ni damu yangu," alisema. "Iko kwenye baridi."

Kiganja kikaondoka juu ya chupa. Akaushika mrija.

"Mama Hirwa, usinywe," alisema Twahiru. "Tutatafuta njia nyingine."

"Ipi?"

Benon alisimama wima. Hirwa alifumba macho kama mtu anayeswali.

Mrija ulikuwa kidole kimoja kutoka mdomoni. Mama akauliza, kwa sababu bibi hawezi kukosa kuuliza:

"Binti yangu, huyo mtoto anaitwa nani?"

Mugeni akatabasamu, wa kwanza kutabasamu jioni nzima. Akamsogeza mtoto karibu na simu.

"Anaitwa Mukarugwiza. Jina la zamani, najua, wenzangu walinicheka. Lakini tumempa jina la marehemu bibi yake."

"Marehemu," alisema Mama.

"Ndiyo, mama yake Hirwa. Alifariki kabla sijamjua Hirwa, Mungu amrehemu. Hata hiyo nyumba anayoiuza huko Kigali ndiyo urithi aliomwachia. Bila huyo mama sijui tungekuwa wapi baridi hii." Akasogea kwenye skrini, akikunja macho apate kuona vizuri gizani. "Samahani, sijakufahamu. Wewe ni shangazi yake?"

Hirwa alifungua macho. "Mama," alisema.

"Hirwa?" aliuliza Mugeni. "Nani unamwita mama?"

Alida aliinyakua simu kabla Hirwa hajaifikia, akaiinua juu, kioo kikiwatazama wote.

Mama Mukarugwiza aliutoa mrija karibu na mdomo wake.

"Hajakudanganya, binti yangu," alisema. "Mama yake amekufa. Leo, magharibi."

Kisha akasimama, akampelekea mwanawe chupa mpaka kifuani.

"Shangazi yako hukumbeba. Mimi utanibeba. Kunywa, tuko watu, tutakushuhudia. Ukinywa, umekubali mbele ya Twahiru, mbele ya mnunuzi wako na mbele ya mkeo kwamba mama yako ni marehemu na nyumba ile ni urithi. Lakini ujue, huyo marehemu aliacha watoto wawili. Wa pili ni huyu aliyeshika simu, na siku ile aliyeshika kamba. Benon ataanza upya na yeye."

Ufunguo wa Benon ulianguka sakafuni.

"Na usipotaka kunywa," alisema Mama, "mwambie mkeo mimi ni nani. Kwa mdomo wako. Halafu uende na Benon."

"Hirwa," sauti ya Mugeni ilitoka juu, mkononi mwa Alida, na nyuma yake bati liligonga kwa upepo. "Hirwa, nijibu. Huyo mama ni nani?"

Hirwa akanyoosha mkono. Ulikuwa unatetemeka, na Nyakabanda hakuna theluji.